Robert Koch: mzee wa vidudu aliyekuja hadi Uhehe, na askari wa damu wanaotukinga na mafua

Huku kwetu Nyololo baridi imeshashika. Asubuhi ukishuka kwenye basi pale njia panda ya kuingia Igowole na Kibao, ukungu umelala barabarani kiasi kwamba lori likija unasikia muungurumo kwanza, taa unaziona baadaye. Na baridi ya Mufindi ikishapiga hodi, mafua nayo hayako mbali. Nyumba nzima inakohoa, basi zima linapiga chafya.

Juzi nilikaa kama nusu saa kwenye duka la dawa nikipiga soga. Katika hiyo nusu saa waliingia vijana watatu, wote mafua, na wote wakaomba vile vidonge vya rangi mbili. Mmoja hela haikutosha, akachukua vinne tu akaondoka zake akiwa na furaha kabisa.

Nikajiuliza, hivi tumefikaje hapa? Nani alituambia kuwa mafua yanatibiwa kwa antibayotiki? Nikaanza kuchimba, na kuchimba huko kukanifikisha kwa mzee mmoja wa Kijerumani aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Robert Koch. Wengi mmemsikia kwenye baiolojia ya sekondari, yule wa kifua kikuu. Lakini wangapi mnajua kuwa mwaka 1905 mzee huyu alipanda bara akafika Uhehe, upande huu wetu wa Iringa? Na wangapi mnajua kuwa kwenye maabara yake ndiko kulikogunduliwa kingamwili, yaani wale askari wa damu wanaopambana na mafua ukiwa umelala? Na kwamba kwa watu wake hao hao lilitoka kosa moja kuhusu mafua ambalo dunia ililipa gharama yake mwaka 1918?

Kaeni vizuri, leo ni ndefu kidogo. Walioko kafe na dakika zinahesabika, ihifadhini mtamalizia baadaye.

MTOTO WA MACHIMBONI

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 Clausthal, mji mdogo kwenye milima ya Harz huko Ujerumani. Ni mji wa machimbo, na baba yake alikuwa afisa kwenye machimbo hayo. Watoto ndani ya nyumba walikuwa 13. Inasimuliwa kuwa dogo alipofikisha miaka 5 alikuwa ameshajifundisha kusoma mwenyewe kwa kutumia magazeti.

Akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Göttingen, akamaliza 1866. Mmoja wa walimu wake alikuwa Jacob Henle, kati ya watu wachache wa enzi hizo walioamini kuwa magonjwa ya kuambukiza yanaletwa na viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Wengine wote walikuwa bado wanalaumu hewa mbaya na harufu ya uozo.

Baada ya kutumikia vita ya Ujerumani na Ufaransa ya 1870 hadi 1871, alipata kazi ya udaktari wa wilaya huko Wöllstein, mji ambao leo uko Poland. Yaani chukulia DMO wa wilaya ya mbali na mji mkuu, hana chuo karibu, hana maabara, hana hata mwenzake wa kubishana naye. Mchana anatibu wagonjwa, jioni anaingia kwenye kona aliyoitenga nyumbani na kuinamia hadubini aliyopewa zawadi na mke wake, Emmy.

Ugonjwa uliokuwa unawasumbua wafugaji wa wilaya ile ni kimeta. Ng'ombe na kondoo wanadondoka, na wakati mwingine mchungaji naye anafuata. Mwaka 1876 Koch akaonyesha wazi maisha yote ya bakteria wa kimeta, pamoja na jinsi wanavyojigeuza kuwa kama mbegu ngumu zinazokaa ardhini miaka na miaka zikisubiri mnyama mwingine. Daktari wa wilaya, na vifaa vya kuungaunga, akaonyesha kwa ushahidi kuwa ugonjwa fulani unaletwa na kidudu fulani.

Toka hapo jamaa hakushikika. Mwaka 1880 akaitwa Berlin. Tarehe 24 Machi 1882 akatangaza kuwa amempata bakteria wa kifua kikuu, ndio maana mpaka leo kila tarehe 24 Machi dunia inaadhimisha Siku ya Kifua Kikuu. Mwaka 1883 akaenda Misri, kisha Calcutta huko India, kuwinda kidudu cha kipindupindu, na mwaka 1884 akarudi nyumbani shujaa.

Yeye na wanafunzi wake wakaweka sheria ambazo wanasayansi wanazitumia mpaka leo. Ukitaka kusema kidudu hiki ndicho kinacholeta ugonjwa huu, lazima ukikute kwa wagonjwa, ukioteshe peke yake maabara, ukimpa mnyama mzima augue ugonjwa uleule, na ukitoe tena kwake. Kariri sheria hiyo, maana huko mbele watu wake wenyewe watajikwaa juu yake.

MWAKA 1890: AIBU NA BAHATI

Mwaka 1890 ulimpiga Koch kofi na kumpa zawadi kwa wakati mmoja.

Kofi lilianza kama shangwe. Mwezi Agosti, mbele ya madaktari wa dunia nzima waliokutana Berlin, alidokeza kuwa amepata dawa ya kuzuia kifua kikuu. Baadaye ikaitwa tuberkulini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila kona, hoteli zikajaa watu wanaokohoa. Dawa haikutibu. Wengine hali zikawa mbaya zaidi, wengine wakafa. Na kwa miezi kadhaa Koch hakutaka kusema dawa yake imetengenezwa na nini. Jina lake likachafuka. Tuberkulini ilikuja kupata kazi baadaye kama kipimo, kile cha kuchomwa kwenye ngozi ya mkono kuangalia kama umewahi kuambukizwa TB, lakini dawa haikuwa.

Zawadi ilikuja mwezi Desemba mwaka huohuo, tena wala haikutoka mikononi mwake. Vijana wake wawili, Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato, walikuwa wanahangaika na pepopunda na dondakoo. Walichukua sungura wakamzoesha sumu ya pepopunda kidogo kidogo mpaka ikawa haimdhuru. Kisha wakachukua damu yake, wakampa panya. Panya huyo baadaye akapewa pepopunda ya kuua. Hakufa! Panya wengine ambao hawakupewa damu ile walikufa wote.

Fikiria maana yake. Kinga siyo kitu cha hewani, siyo bahati wala nguvu za mwili mzima. Ni kitu kilichomo kwenye maji ya damu, unaweza kukichota kwa mmoja ukamwekea mwingine, kikaendelea kufanya kazi. Mwenzao Paul Ehrlich ndiye aliyetumia jina ambalo sisi kwa Kiswahili tunaita kingamwili. Mwaka 1901 Behring akapewa Tuzo ya Nobel ya Tiba, ya kwanza kabisa kutolewa.

Yaani Koch mwenyewe alikuwa anasaka dawa ya kumpiga adui, kumbe vijana waliokuwa wakifanya kazi chini yake wakagundua kuwa mwili unatengeneza silaha zake wenyewe.

KOSA LA MAFUA

Mwaka 1889 na 1890 dunia ilipigwa na wimbi kubwa la mafua lililoanzia upande wa Urusi. Kila mtu akawa anataka kujua kidudu chake. Mwanafunzi mwingine wa Koch, Richard Pfeiffer, mwaka 1892 akatangaza kuwa amekipata: bakteria mdogo sana kwenye makohozi ya wagonjwa.

Kumbuka ile sheria niliyowaambia mkariri. Pfeiffer alikikuta kidudu kwa wagonjwa, akakiotesha, lakini akashindwa kuwapa wanyama mafua ya kweli kwa kidudu hicho. Sheria ya nyumba haikutimia. Ila jina la nyumba ya Koch lilikuwa kubwa, na Pfeiffer alikuwa mwanasayansi wa kuheshimika, basi dunia ikakubali. Mafua yakaandikwa vitabuni kuwa ni ugonjwa wa bakteria. Bakteria huyo anabeba jina la mafua mpaka leo, Haemophilus influenzae, ingawa mafua hayaleti yeye.

Kinachochekesha kidogo ni kwamba jibu lilikuwa linabisha hodi hapohapo. Mwaka 1898 Friedrich Loeffler, aliyewahi kuwa msaidizi wa Koch, pamoja na Paul Frosch wa kwenye taasisi ya Koch, walionyesha kuwa ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe unaletwa na kitu kidogo kuliko bakteria, kinachopita kwenye chujio linalozuia bakteria wote. Kirusi. Lakini hakuna aliyeuliza kama mafua nayo yako kwenye kundi hilo.

SOTOKA, TAUNI NA PAPASI

Sasa tuje kwetu. Maisha ya Berlin yalikuwa yamemchosha mzee. Alikuwa ameachana na Emmy mwaka 1893, akamuoa binti mdogo kwake kwa umri sana, Hedwig Freiberg, na watu wa mjini wakasema weee. Kuanzia 1896 akawa mtu wa safari.

Kwanza akaitwa Kimberley, Afrika Kusini, kwa ajili ya sotoka. Wazee wafugaji wanaijua habari yake. Sotoka ile ilishuka kutoka kaskazini miaka ya 1890 ikamaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki, watu wakabaki mikono mitupu na njaa. Kidudu cha sotoka Koch hakukiona, na asingeweza kukiona, maana ni kirusi. Hata hivyo alipata njia ya kuwakinga ng'ombe kwa kutumia nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka, na waliomfuata wakaboresha kwa kutumia damu ya ng'ombe waliopona. Somo liko palepale: adui hukumuona, lakini mwili uliopona ulikuwa umeshamjua.

Kutoka huko akapitia India kwenye tauni, kisha mwaka 1897 akatua Dar es Salaam, enzi za Mjerumani, akakaa mpaka 1898. Akiwa hapo alithibitisha kuwa ugonjwa uliokuwa unaua watu Kiziba, Bukoba, ni tauni, na akashughulika na malaria na magonjwa ya ng'ombe. Mwaka 1899 na 1900 akaenda New Guinea, akaona jambo jingine linalohusu mada yetu. Kwenye vijiji vyenye malaria nyingi, watoto wadogo ndio wagonjwa, watu wazima wanadunda. Mwili wa mtu mzima ulikuwa umeshafundishwa tangu utoto.

Mwaka 1905 akarudi tena kwetu. Safari hii anasaka homa ya papasi, ile inayokupiga, inakuacha siku kadhaa, halafu inarudi. Reli ya kati ilikuwa bado inajengwa, kwa hiyo mzee wa miaka 61 akapanda bara na msafara wa wapagazi, mpaka milima ya Uhehe. Kwenye vibanda walimolala wasafiri akachimbua udongo mkavu wa sakafuni na kuwakuta papasi wamejificha humo. Akaonyesha kuwa vidudu vya homa vinapita mpaka kwenye mayai ya papasi, hivyo papasi mtoto anazaliwa akiwa nao tayari. Madaktari wa Uganda na Kongo nao walikuwa wanafikia jibu hilohilo kipindi hichohicho, kwa hiyo tusimpe sifa zote peke yake.

Ndio mwaka uleule wa 1905 ambao Maji Maji ililipuka mwezi Julai kule Matumbi. Daktari mkubwa wa Ulaya anahesabu papasi kwenye vibanda vya wapagazi, huku nchi yenyewe inawaka moto dhidi ya serikali iliyomleta. Desemba mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Na hapa tuseme ukweli wote, tusimpambe. Mwaka 1906 na 1907 Koch alipiga kambi visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, upande wa Uganda, kutibu malale. Dawa aliyotumia, Atoksili, ilikuwa na arseniki ndani yake. Wagonjwa walipata nafuu kwa muda, ugonjwa ukarudi, akaongeza dozi, na zaidi ya watu 20 wakapofuka macho moja kwa moja. Pia alipendekeza wagonjwa watengwe makambini. Hawa walikuwa Waafrika waliokuwa chini ya ukoloni, na hawakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Ukitaja kipaji chake ni haki uyataje na macho yao.

Mwaka 1908 alitembelea Japani, ambako Kitasato alimpokea kama baba, na baada ya kifo chake akamjengea mahali pa kumkumbukia. Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, moyo ulimsumbua. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, kwenye taasisi iliyobeba jina lake.

1918: HOMA ILIPOPANDA MILIMA YETU

Miaka 8 baada ya kifo chake, kosa la Pfeiffer likaja kudaiwa.

Oktoba 1918 jeshi la Jenerali Lettow-Vorbeck, likiwa linakimbizwa na Waingereza, lilipita Ubena, ndiyo Njombe ya leo, likaacha wagonjwa na majeruhi hapo, likaelekea Mbozi na kuvuka mpaka. Tarehe 25 Novemba likasalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala huko Zambia. Vita imeisha, watu wanarudi makwao. Na kipindi hichohicho homa kubwa ya mafua ilikuwa inazunguka dunia. Ilikuja na meli, ikapanda treni, ikatembea na askari na wapagazi mpaka vijijini. Wengi kati ya askari na wapagazi waliokuwa wamenusurika risasi miaka minne walikufa kwa mafua. Nchi nzima ilipoteza makumi ya maelfu ya watu. Upande wa Rungwe na nyanda hizi za kusini homa iliacha njaa nyuma yake, maana wa kushika jembe walikuwa kitandani au kaburini. Ilipendelea kuua vijana, watu wa miaka 20 mpaka 40. Rika lenu, wadau. Dunia nzima wataalamu wengi wanakadiria vifo kama milioni 50.

Madaktari wa nchi tajiri walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanatengeneza chanjo za bakteria wa Pfeiffer! Walifundishwa hivyo. Wengi walipima makohozi wakakuta wagonjwa wengine bakteria huyo hawana kabisa, wakadhani wamekosea wao vipimo, kumbe kilichokosewa ni kitabu. Chanjo zile hazikuzuia mafua.

Ilibidi ifike 1933 ndipo Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw wa London wakapata jibu. Walichukua maji ya koo ya wagonjwa, wakayachuja mpaka bakteria wote wakabaki juu, wakawatia puani wanyama wadogo jamii ya kicheche. Wanyama wakaugua mafua. Kirusi! Na walipochanganya kirusi hicho na maji ya damu ya mtu aliyepona mafua, kikakosa nguvu. Panya wa Kitasato wa 1890 na mafua ya binadamu vikakutana.

KINGAMWILI ZINAFANYA NINI HASA?

Wote mnaijua kishonanguo. Ukipita shambani, vile vimbegu vyenye miiba vinang'ang'ania suruali. Kirusi cha mafua kiko hivyo. Juu yake kina miiba ya protini inayoitwa hemaglutinini. Kikiingia puani au kooni, miiba hiyo inanasa kwenye ngozi ya seli zako. Kisiponasa, hakiingii. Kikiingia, kinaigeuza seli kuwa kiwanda cha kutoa virusi wengine kwa maelfu.

Sasa chukua kishonanguo, uichovye kwenye nta iliyoyeyuka mpaka miiba yote ifunikwe, uirushe kwenye suruali. Itateleza. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kingamwili: zinakaa juu ya miiba, kirusi kinakosa pa kushikia. Kazi ya pili ni kukiwekea alama, ili seli nyeupe zijue huyu ni wa kuliwa. Ya tatu inahusu protini nyingine inayoitwa nyuraminidasi, ambayo kirusi hutumia kama mkasi kujikata na kutoka kwenye seli aliyozaliwa. Kingamwili zikiukaba huo mkasi, virusi wapya wanabaki wamenasa palepale, hawasambai.

Kuna kingamwili zinazozunguka na damu na kulinda mapafu, na kuna nyingine zinazokaa kwenye kamasi za puani na kooni, ndiyo walinzi wa getini. Zote zinatengenezwa na seli nyeupe aina ya B. Katika mamilioni ya seli B ulizonazo, chache tu ndizo zenye umbo la kumshika kirusi huyo aliyeingia. Zikimgusa zinaanza kuzaana kwa kasi. Kazi hiyo mara ya kwanza inachukua wiki moja mpaka mbili, na ndio maana unaumwa. Seli nyingine za kinga nazo zinakuwa kazini kuua seli zilizoambukizwa, kingamwili haziko peke yake. Ukishapona, baadhi ya seli B zinabaki kama kumbukumbu. Kirusi yuleyule akirudi, safari hii jibu linakuja kwa siku chache, pengine hata chafya hupigi.

Utauliza, mbona basi naugua kila mwaka? Kwanza, mafua mengi ya kawaida yanaletwa na virusi wengine kabisa, siyo huyu wa homa ya mafua. Pili, huyu mwenyewe ni kinyonga. Kila anapozaana miiba yake inabadilika kidogo, na kingamwili za zamani zinashika kwa shida. Mara chache anabadilika kabisa kwa kuchanganyika na virusi wa ndege au nguruwe, hapo dunia nzima inakutwa haina kinga, kama 1957, 1968 na 2009, ile tuliyoiita mafua ya nguruwe ambayo ilifika hata Tanzania. Ndio sababu Shirika la Afya Duniani linakaa mara mbili kila mwaka kuchagua chanjo ya mafua iwe na virusi gani. Chanjo haifanyi muujiza. Inazionyesha seli B sura ya adui mapema, zianze mazoezi kabla ya vita. Na mama mjamzito akiwa na kingamwili, zinapita mpaka kwa mtoto tumboni na kumlinda miezi yake ya mwanzo.

Kumbukumbu hiyo inadumu kiasi gani? Mwaka 2008 wanasayansi wa Marekani walitoa matokeo ya damu ya wazee 32 waliokuwa watoto wakati wa homa ya 1918. Wazee hao walikuwa na miaka 91 mpaka 101. Damu zao zilikuwa bado na kingamwili za kirusi kile, baada ya miaka kama 90! Wakachukua seli zao, wakatengeneza kingamwili, wakawapa panya walioambukizwa kirusi cha 1918, panya wakapona. Babu na bibi zetu wa nyanda hizi walionusurika homa ile nao bila shaka walizeeka na kumbukumbu hiyo damuni, wanalima, wanaoa, wanazika, bila kujua wamebeba nini.

TURUDI DUKANI

Vile vidonge vya rangi mbili vinaua bakteria. Kirusi cha mafua siyo bakteria. Ukivimeza kwa ajili ya mafua, kirusi hakigusi hata ukucha, ila bakteria waliomo mwilini mwako wanapata mazoezi ya kuizoea dawa. Siku ukipata nimonia ya kweli, dawa inagoma. Na ukinunua vinne badala ya dozi nzima ndio unawafundisha vizuri zaidi.

Sisemi antibayotiki hazina kazi. Mafua makali yanaweza kufungua njia kwa bakteria kuingia mapafuni, na wengi waliokufa 1918 walimaliziwa na nimonia ya namna hiyo. Ukiona unapumua kwa shida, kifua kinauma, au homa ilikuwa imeshuka halafu imerudi kwa nguvu, nenda hospitali upimwe, daktari ndiye aamue. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee na mwenye ugonjwa wa muda mrefu wasisubiri mpaka hapo, waende mapema. Wengine pumzika, kunywa maji, ziba mdomo ukikohoa, nawa mikono, usiende kubanana na watu kwenye basi, na uache askari wako wa damu wafanye kazi.

Robert Koch alitufundisha kuuliza ni kidudu gani kabla ya kutoa dawa. Watu wake waliposahau swali hilo mara moja tu, kwenye mafua, dunia ilienda miaka 40 na jibu la uongo. Sisi tunaliruka swali hilo kila siku pale dirishani kwa muuza dawa.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kama kuna mwenye bibi au babu aliyewahi kumsimulia habari za homa ile ya baada ya vita, iwe Mufindi, Njombe, Rungwe au Mbozi, tafadhali aandike kwenye maoni hapo chini. Wengine, poleni na baridi.